Walaji wa Kondoo-Mwitu: Historia ya Kitoweo cha Milima ya Rocky

Nchini Marekani, nyama ya kondoo-mwitu wa Milima ya Rocky haiuzwi buchani wala haipikwi hotelini. Anayetaka kuionja ana njia mbili tu: aue mnyama mwenyewe kwa kibali halali, au agawiwe na aliyeua. Vibali ni vichache na vingi hutolewa kwa bahati nasibu. Wapo wanaoomba kila mwaka mpaka mvi zinawaota bila kupata, na wapo matajiri wanaonunua kibali mnadani kwa bei ya kujengea nyumba.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kwa maelfu ya miaka nyama hii ilikuwa chakula cha kawaida cha watu wa milimani, iliyochemshwa, ikabanikwa na kukaushwa na watu ambao hawakumwomba yeyote ruhusa. Baadaye ikawa bidhaa, kisha ikawa kosa la jinai, na mwishoni ikawa tuzo ya wenye nacho. Wengi husema ni bunduki iliyoleta mageuzi hayo. Bunduki ilichangia, lakini hifadhi, mahakama na kondoo wa kufugwa vilichangia zaidi.

Wavu wa magome: miaka 9,000 iliyopita

Mababu wa kondoo hawa walivuka kutoka Siberia kuingia Alaska enzi za barafu, bahari iliposhuka na nchi kavu ikaunganisha mabara mawili. Wakaenea kusini wakifuata safu za milima hadi kwenye majangwa ya Mexico. Dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo 135, na pembe zake zilizojikunja zikafika kilo 14. Akimwona adui hakimbilii uwandani. Hupanda jabali, akasimama mahali pembamba na kutazama chini. Tabia hiyo humwokoa dhidi ya mbwa mwitu, lakini kwa binadamu ilimponza, kwa sababu binadamu alijifunza mapema kwamba mnyama anayejulikana atakimbilia wapi ni rahisi kumtega.

Ushahidi upo. Katika milima ya Absaroka, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Wyoming, wanaakiolojia waliukuta wavu umekunjwa ndani ya pango dogo kavu. Ulisokotwa kwa nyuzi za magome ya mreteni, na vipimo vilionyesha kuwa una umri wa karibu miaka 8,800. Urefu wake ulikadiriwa kuwa kati ya mita 50 na 65, kimo chake kikimfikia mtu mzima. Wavu wa ukubwa huo si wa sungura, na hautegwi na mtu mmoja. Palikuwa na waliosokota, waliofukuza na waliosubiri, na bila shaka palikuwa na utaratibu wa kugawana nyama.

Si mbali na hapo, kando ya mto Shoshone, lipo pango linaloitwa Mummy Cave, lililochimbwa katika miaka ya 1960. Watu walikaa humo kwa vipindi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 9,000, na katika matabaka ya mabaki yao mifupa ya kondoo-mwitu imejaa. Mlo haukubadilika sana ingawa silaha zilibadilika: mkuki ukapisha mshale, lakini kilichoingia chunguni kilikuwa kile kile.

Watukudika: mbwa, upinde na chungu cha jiwe

Karne zilizotangulia kuja kwa Wazungu, wakazi wa milima hiyo walikuwa watu wa jamii ya Washoshone. Washoshone walizitaja koo zao kwa chakula chao kikuu. Walikuwapo walaji wa samaki na walaji wa nyati, na hawa wa milimani waliitwa Tukudika, yaani walaji wa kondoo-mwitu. Ndugu zao wa tambarare walipopata farasi walianza kuwafuata nyati mbali. Watukudika walibaki juu, kwa sababu farasi hana faida kwenye majabali. Mnyama wao wa kazi alikuwa mbwa. Alibeba mizigo, akanusa, akawafukuza kondoo mpaka wakapanda mwambani, na huko juu mwindaji alikuwa amekwisha kujificha akingoja.

Mahali pengine walijenga mitego ya magogo. Kuta mbili za magogo zilianza mbali zikiwa zimeachana, zikakaribiana polepole kuelekea kwenye zizi. Mlangoni paliwekwa ngazi ya magogo iliyofunikwa udongo na mawe ili kondoo adhani anapanda kilima cha kawaida. Akishavuka anaangukia ndani na hawezi kuruka kutoka. Waliokuwa wakimsubiri walimmaliza kwa rungu. Mabaki ya mitego hiyo bado yanaonekana juu ya mji wa Dubois, Wyoming, magogo yake yakiwa yamepauka kwa jua.

Pembe nazo zilikuwa na kazi. Mafundi walizipasha moto mpaka zikalainika, wakazinyoosha na kuzichonga, wakaunganisha vipande viwili penye mshikio. Mgongo wa upinde waliuvika kano za mnyama kwa gundi iliyotokana na ngozi iliyochemshwa. Upinde mmoja ulichukua majuma mengi. Ulikuwa mfupi, wa karibu nusu ya kimo cha mtu, lakini nguvu zake zilisifika hata kwa makabila ya tambarare, ambayo yalikuwa tayari kutoa farasi ili kuupata.

Kuhusu mapishi, ushahidi mkubwa ni vyungu vyao. Watukudika walichonga vyungu kutokana na jiwe la sabuni, aina ya jiwe ambalo wachongaji wa Tabaka, Kisii, hutengenezea sanamu na bakuli. Jiwe hilo ni laini kwa kisu lakini halipasuki kwa moto. Chungu chao kilikuwa na kitako bapa na mdomo mpana, na kilikuwa kizito kiasi kwamba mara nyingi kiliachwa kambini kikisubiri msimu ujao. Kikiwekwa juu ya makaa hukawia kupata moto. Kikishashika, huchemka kwa utulivu kwa muda mrefu hata kuni zikipungua.

Kuchemka huko taratibu kulikuwa na sababu. Nyama ya pori ina mafuta kidogo, na mtu akila nyama isiyo na mafuta siku baada ya siku atashiba huku mwili unadhoofika. Kwa hiyo mpishi hakuishia kwenye minofu. Mifupa mirefu ilivunjwa uboho ukatolewa, kisha vipande vikapondwa na kuchemshwa mpaka mafuta yakaelea juu na kuenguliwa. Kondoo wa mwisho wa kiangazi, aliyeshiba majani ya juu milimani, alithaminiwa kuliko wa mwisho wa baridi kali, ambaye amekonda. Vipande vingine vilibanikwa kwenye makaa, vingine vikafukiwa shimoni pamoja na mawe ya moto. Akiba ya baridi ilikatwa nyembamba, ikaanikwa juani na upeponi, kisha ikatwangwa na kuchanganywa na mafuta na matunda ya porini. Pamoja na nyama walikula mizizi na kokwa za msonobari wa milimani, kwa hiyo jina lao lisimfanye mtu adhani walikula nyama tupu.

1800–1840: Wageni waionja

Wazungu waliifahamu nyama hii kwa njaa zao. Mwishoni mwa Novemba 1800, David Thompson na Duncan McGillivray, waliokuwa wakifanya biashara ya manyoya, waliua kondoo-mwitu karibu na mto Bow, katika eneo ambalo sasa ni Alberta, Kanada. Kielelezo kilichotoka huko ndicho kilichompa mnyama huyu jina lake la kisayansi, Ovis canadensis, mwaka 1804. Mwaka uliofuata msafara wa wapelelezi Lewis na Clark ulipanda mto Missouri, na Mei 1805 wawindaji wake wakawaua wa kwanza. Lewis alimpima na kumweleza kwa kirefu katika shajara yake, na nyama haikutupwa: watu zaidi ya 30 waliovuta mashua kutwa nzima walihitaji kula.

Maelezo muhimu zaidi kuhusu walaji wenyewe yaliachwa na Osborne Russell, mtegaji wa wanyama wa manyoya. Mwaka 1835, katika bonde la Lamar ambalo leo limo ndani ya hifadhi ya Yellowstone, alikutana na kikundi kidogo: wanaume sita, wanawake saba na watoto wanane au kumi. Walikuwa na mbwa wapatao 30 waliobeba ngozi na vyombo vyao. Walivaa ngozi za kondoo na paa zilizolainishwa kwa ustadi, na pinde zao zilikuwa za pembe. Russell aliwaona wakiwa na amani na wameridhika.

Walioandika baadaye hawakuwatazama kwa jicho hilo. Waliwaeleza kuwa maskini, waoga, vibeti, watu waliosukumwa mlimani kwa kushindwa. Mtu asiye na farasi, kwa macho ya mgeni, alikuwa mtu asiye na kitu. Dharau hiyo ilikuja kuwa na matumizi ya kisiasa, maana ni rahisi kumhamisha mtu ambaye umekwisha kutangaza kwamba hana kwake.

1860–1879: Dhahabu, ngozi na hifadhi

Dhahabu ilipogunduliwa Idaho, Montana na Colorado, kambi za wachimbaji zilihitaji nyama, na wawindaji wa kulipwa wakaanza kuwauzia. Kondoo-mwitu aliyekuwa akiuawa kwa ajili ya familia sasa aliuawa kwa ajili ya soko. Soko la ngozi nalo likafuata, na hilo halikujali hata nyama. Philetus Norris, msimamizi wa pili wa Yellowstone, aliripoti kwamba katika majira ya kuchipua ya 1875 ngozi zaidi ya 2,000 za elki, wale paa wakubwa wa kule, zilitolewa humo, na za kondoo-mwitu zilikaribia idadi hiyo hiyo. Mizoga mingi iliachwa ioze.

Uharibifu huo ulifanyika ndani ya hifadhi. Yellowstone ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Machi 1872, ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, lakini sheria iliyoiunda haikuweka askari wala adhabu. Serikali ilichofanya mapema ni kuwatoa wenyeji. Mkataba wa Fort Bridger wa 1868, uliosainiwa kwa niaba ya Washoshone wa mashariki na chifu Washakie, ulikuwa umewapa eneo la Wind River na haki ya kuendelea kuwinda katika ardhi ya serikali isiyokaliwa. Katika miaka ya 1870 familia za Watukudika zilijiunga na Wind River, na nyingine zikaenda Lemhi na Fort Hall huko Idaho. Mwaka 1880 Norris aliwatembelea viongozi wa makabila ya jirani kupata ahadi kwamba hawataingia hifadhini. Watalii nao wakaambiwa kwamba wenyeji waliogopa chemchemi za moto tangu zamani. Kambi za kale zilizo karibu na chemchemi hizo zinaonyesha vinginevyo.

Idaho mambo yaliishia vitani. Mwanzoni mwa 1879 wachimbaji watano wa Kichina waliuawa Loon Creek, na lawama zikatupiwa Watukudika bila ushahidi wa kutosha. Jeshi liliwasaka kiangazi kizima katika makorongo ya mto Salmon. Askari walipoteza nyumbu, chakula na nguvu bila kuwaona adui zao isipokuwa mara chache. Mwishowe haikuwa risasi iliyowashinda Watukudika. Kambi zao zilikamatwa pamoja na akiba ya chakula cha baridi, na Oktoba watu 51, wengi wao wanawake na watoto, wakajisalimisha. Baadaye walipelekwa Fort Hall.

1883–1907: Nyama yawa kosa

Mwaka 1883 serikali ilipiga marufuku uwindaji ndani ya Yellowstone, mwaka 1886 ikaleta jeshi kulinda, na sheria ya 1894 ikaweka adhabu. Kiangazi hicho hicho cha 1883, Rais Chester Arthur alikwenda kuitembelea hifadhi, na mmoja wa waliomwongoza njiani alikuwa Togwotee, Mtukudika. Njia ya mlimani inayoitwa kwa jina lake ipo hadi leo. Aliyeijua milima hiyo kwa kuwinda akawa mwongoza wageni.

Nje ya hifadhi bado kulikuwa na ule mkataba wa 1868. Huo ulijaribiwa mwaka 1895, Race Horse, mtu wa kabila la Wabannock, nao wakiwa ndani ya mkataba huo, kutoka Fort Hall, alipokamatwa kwa kuua elki saba huko Wyoming. Yeye alitaja mkataba, jimbo likataja sheria zake za uwindaji. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba haki ya mkataba ilikoma Wyoming ilipokubaliwa kuwa jimbo mwaka 1890. Kesi ilihusu elki, lakini hukumu iligusa kila mnyama wa mlimani. Tangu hapo Mshoshone aliyeua kondoo-mwitu nje ya mipaka ya eneo lake bila kibali alikuwa jangili, hata kama babu yake alimla bondeni humo humo.

Mwaka 1900 sheria ya shirikisho ilizuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo nyama ya mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria, na majimbo nayo yakafunga biashara ya nyamapori. Hatua hiyo iliwaokoa wanyama wengi, na ndiyo sababu mpaka leo nyama ya kondoo-mwitu aliyewindwa haiuzwi. Kila nchi ilichagua njia yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilhali Tanzania mwaka 2020 iliweka kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori.

Mfano wa Yellowstone nao ulisafiri. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamaasai walikuwa wakiishi na kuchunga ndani yake, na mwaka 1959 wakahamishiwa Ngorongoro. Mjadala uliofuata, kama binadamu ni sehemu ya mazingira au ni mvamizi, haujaisha.

Mwaka 1907 eneo la Lemhi lilifungwa na watu wake wakapelekwa Fort Hall. Kwa maisha ya milimani, huo ulikuwa ukurasa wa mwisho.

Ndugu aliyeleta maradhi

Marufuku ilipoanza kazi, elki na paa waliongezeka. Kondoo-mwitu hawakuongezeka, na sababu ilikuwa kondoo wa kufugwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji walipandisha makundi makubwa ya kondoo kwenye malisho ya kiangazi, yale yale waliyoyategemea kondoo-mwitu. Walimaliza majani, na zaidi ya hapo walileta ukurutu na homa ya mapafu. Mnyama wa kufugwa anaweza kubeba kimelea kiitwacho Mycoplasma ovipneumoniae bila kudhurika sana. Kondoo-mwitu akikaribiana naye hukohoa, hudhoofika na kufa, na majike wanaopona huendelea kuwaambukiza wanao kwa miaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 idadi ilikuwa imeporomoka vibaya, na kondoo-mwitu wa nyika za Dakota walitoweka kabisa.

Nafuu ilikuja kwa kuwahamisha. Kuanzia 1949, kondoo wa mlima Whiskey, karibu na Dubois, walikamatwa wakati wa baridi na kupelekwa kuanzisha makundi mapya katika majimbo mengine. Kisha baridi ya 1990–91 homa ya mapafu ikaingia kundi hilo lenyewe, na tangu hapo halijarudi kuwa kama zamani.

Kibali, mnada na jiko la leo

Wakati huo huo thamani ya mnyama ilihamia kichwani kwake. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, ilipigania uhifadhi na pia ikaweka kanuni za kupima pembe. Katika miaka ya 1940 ukazuka mtindo wa kuwinda aina zote nne za kondoo-mwitu wa Amerika Kaskazini, na aliyezikamilisha alipata heshima kubwa miongoni mwa wawindaji. Katika miaka ya 1970 wapenzi wa uwindaji huo waliunda mfuko wa kumhifadhi mnyama wao, na minada ya vibali ikafuata. Mwaka 2013 kibali kimoja cha Montana kilinunuliwa kwa dola 480,000. Fedha hizo huingia kwenye utafiti na uhamishaji wa kondoo, na ni haki kusema kwamba bila wawindaji hawa milima mingi ingekuwa mitupu.

Sheria haikuruhusu nyama isahaulike. Alaska, kwa mfano, mwindaji wa kondoo-mwitu wa huko hulazimika kuiteremsha nyama yote ya mapaja, mabega, mbavu, shingo na uti wa mgongo. Kuondoka na pembe peke yake ni kosa. Kwa hiyo kazi ya mlimani baada ya risasi ni kisu na mgongo. Mnyama huchunwa pale pale, minofu hutolewa mifupani ili mzigo upungue, na kuwekwa kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Kisha hutundikwa kivulini, maana joto la mwili likikaa ndani nyama huharibika haraka.

Jikoni humshangaza aliyezoea kondoo wa zizini. Harufu nzito ya kondoo hukaa katika mafuta yake, na kondoo-mwitu ana mafuta machache, kwa hiyo ladha yake ni safi na ya upole. Mnofu wa mgongo hukatwa vipande vinene, ukatiwa chumvi, ukakaangwa kwa siagi kwenye kikaango cha chuma kwa dakika chache kila upande. Ukipitiliza unakauka kama ngozi ya kiatu. Miguu na shingo za dume mzee huhitaji saa kadhaa za moto mdogo pamoja na vitunguu na maji, mpaka kano zilainike na mchuzi ushikamane. Mpishi wa leo mwenye sufuria nzito anarudia, bila kujua, mantiki ya chungu cha jiwe la sabuni.

Mahakama nayo imeanza kugeuka. Mei 2019, katika kesi ya Clayvin Herrera, mtu wa kabila la Wacrow aliyeshtakiwa kwa kuua elki, Mahakama Kuu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba haki za mkataba wa kabila lake wa 1868 hazikufa kwa Wyoming kuwa jimbo. Mkataba huo ulikuwa wa Wacrow, si ule wa Fort Bridger, lakini hukumu iliing'oa hoja iliyommaliza Race Horse miaka 123 nyuma.

Haki iliyorudi karatasini haijawa nyama sufuriani bado. Makundi mengi ya kondoo-mwitu ni madogo mno kiasi kwamba mgao wa halali ni wanyama wachache tu kwa mwaka, mwombaji awe mshindi wa bahati nasibu, mnunuzi wa mnadani au mjukuu wa Mtukudika. Suala kubwa sasa ni malisho: kama serikali, wafugaji na makabila watakubaliana kuwaweka kondoo wa kufugwa mbali na wale wa mlimani. Wyoming kumekuwa na makubaliano ya aina hiyo, baadhi ya wafugaji wakilipwa ili waache malisho ya juu. Yakidumu, mnyama ataongezeka, na ndipo swali la nani ale litakapokuwa na maana.